Ujumbe Ukisema Muamala Umekamilika: Barua ya Wazi kwa Gavana wa Benki Kuu

Kwako Mheshimiwa Gavana,
Benki Kuu ya Tanzania.

YAH: OMBI LA KUTAZAMA UDUMIFU WA KUMBUKUMBU ZA MIAMALA



Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu. Naandika kwa unyenyekevu mkubwa, nikijua kwamba mezani kwako kuna thamani ya shilingi, mfumuko wa bei na akiba ya fedha za kigeni, na kwamba barua ya fundi mitambo inaweza kusubiri zamu yake. Naomba radhi kwa kila dakika nitakayokuchukulia. Naomba radhi pia kwa kuipitisha barua hii gazetini badala ya masijala ya ofisi yako tukufu. Jambo lenyewe linamgusa kila mwenye simu mfukoni, nami nimeona ni adabu zaidi wananchi walisikie likifikishwa kwako mapema kuliko walisikie siku mambo yameharibika.

Mimi ni msimamizi wa kanzidata. Nalipwa mshahara ili kilichoandikwa leo kipatikane kesho, na sifa hiyo katika fani yetu tunaiita udumifu. Mwaka 1983 wataalamu wawili wa Ujerumani, Theo Härder na Andreas Reuter, waliandika makala iliyoziweka pamoja sifa nne za muamala wa kwenye kanzidata, na ya nne ndiyo hii ninayoiombea hadhira yako. Miaka miwili kabla yao, Mmarekani Jim Gray alikuwa ameshaeleza kwamba muamala ukithibitishwa haufutiki. Ukiwa na kosa, njia pekee ni kufanya muamala mwingine wa kulisahihisha. Gray alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1998. Januari 2007 alitoka peke yake na mashua kutoka San Francisco, akapotea baharini, na hajapatikana mpaka leo. Sisi wa kazi hii tunaishi kwa kanuni zake kila siku, na kwa heshima yake sipendi kuona zikichukuliwa kwa wepesi.

Kwa ruhusa yako, Mheshimiwa, nitaeleza kinachotokea mama mwenye genge pale Mabibo anapomlipa mfanyabiashara wa jumla shilingi 40,000 za tenga la nyanya.

Anabonyeza namba ya siri. Ombi linafika kwenye seva. Seva haikimbilii kubadilisha salio. Kwanza inaandika mstari mmoja katika faili ambalo kila kitu huongezwa mwishoni tu, bila kurudi nyuma kufuta: akaunti hii inapungua kiasi hiki, ile inaongezeka kiasi kilekile. Faili hilo tunaliita logi. Ni kama mwenye duka la jumla anayeandika daftarini kwanza ndipo aruhusu mzigo utoke ghalani. Ghala likivurugika, daftari litasema nini kilitoka na kilikwenda kwa nani. Mstari ukishakaa diskini, salio lenyewe linaweza kubadilishwa baadaye. Umeme ukikatika katikati, seva ikiwaka tena inaisoma logi, inayarudia yote yaliyothibitishwa na kuyatengua yaliyoishia njiani. Utaratibu huo uliandikwa kwa ukamilifu na C. Mohan na wenzake wa IBM mwaka 1992, na mpaka sasa kanzidata nyingi za kibenki zinafuata njia hiyo au iliyo karibu nayo.

Basi swali lote la udumifu limekaa katika nafasi moja nyembamba: ujumbe wa kwamba malipo yamekamilika unatumwa kabla mstari ule haujakaa diskini, au baada?

Ungedhani jibu ni moja tu, Mheshimiwa, na mimi ningependa liwe moja. Lakini diski ina mwendo wake. Diski ya kuzunguka ya kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, na mzunguko mmoja unachukua kiasi cha milisekunde 8. Kila muamala ukisubiri mzunguko wake, seva nzima itapitisha miamala 120 kwa sekunde na foleni itafika barabarani. Mafundi waadilifu walitatua hilo kwa kuikusanya mistari mingi na kuishusha diskini kwa pamoja, kila mteja akisubiri kidogo kundi lake litue. Baadaye zikaja diski zisizozunguka, zenye kasi kubwa zaidi. Hata hivyo kishawishi cha kujibu kwanza na kuandika baadaye hakikuondoka, kwa sababu kila mara kinaonyesha namba nzuri za kasi.

Naomba nitaje mifano iliyo wazi ya programu za kanzidata, iliyoandikwa na waundaji wa programu hizo wenyewe. Redis ina mpangilio unaotumika sana ambao hushusha data diskini mara moja kwa sekunde. Seva ikizimika ghafla, yaliyofanyika ndani ya sekunde hiyo yanaweza kupotea. PostgreSQL ina mpangilio unaomjibu mteja bila kuisubiri diski. MongoDB, mpaka mwishoni mwa mwaka 2012, kwa mipangilio yake ya awali ilikuwa hairudishi hata jibu la seva kwamba data imefika. Sizilaumu programu hizi. Kwa kuhesabu waliotazama video, au kutunza bidhaa ambazo mtu ameziweka kikapuni bila kuzilipia, kupoteza sekunde moja si hasara ya mtu yeyote. Kwa tenga la nyanya ni hasara. Na mama yule wa Mabibo anapata ujumbe uleule, wenye maneno yaleyale na namba ya kumbukumbu yenye urefu uleule, bila kujua ni upi kati ya mipangilio hiyo umemjibu.

Diski nazo zina la kwao. Nyingi zina memori ndogo ndani yake, na zinaweza kusema "nimeandika" wakati data bado imekaa katika memori hiyo ya muda. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya seva za kazi nzito huwekewa kapasita za kutosha kumalizia kuandika umeme unapokatika. Za bei nafuu mara nyingi hazina. Ukizitazama kwa nje zinafanana.

Mheshimiwa Gavana, samahani nikikuchosha, lakini kuna kisa kimoja ambacho naomba kwa dhati ukipe nafasi, kwa kuwa kiliwakuta watu makini kuliko wengi. Kwa takribani miaka 20, waandishi wa PostgreSQL waliamini kwamba kuandika diskini kukishindikana, wataambiwa, na wakirudia amri watapata jibu la kweli. Mwaka 2018 mhandisi Craig Ringer aliwaonyesha wenzake kwamba kwenye Linux mambo hayakuwa hivyo. Diski ikigoma, Linux ilitoa taarifa ya kosa mara moja tu, kisha ikaihesabu data ile kuwa imeshashughulikiwa. Kanzidata ikiuliza mara ya pili, inajibiwa kwamba kila kitu ni safi. Data haipo diskini, kanzidata inaamini ipo, na mteja ameshaaga na kwenda zake.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niwaheshimu watu wale. Hawakuficha. Walijadiliana hadharani, na Februari 2019 wakatoa matoleo yaliyorekebishwa. Amri ya kushusha data ikirudisha kosa hata mara moja, kanzidata inajizima papo hapo, na ikiwaka inaanza tena kutoka kwenye logi. Walichagua kusimamisha huduma kuliko kuendelea kuahidi kitu wasichokuwa na uhakika nacho. Kwa maoni yangu, ambayo nayatoa kwa unyenyekevu, huo ndio msimamo anaostahili mwananchi katika kila mfumo unaogusa fedha yake.

Mpaka hapo nimezungumzia seva moja. Nyumba nayo huungua. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba nakala rudufu walizokuwa wakizitegemea zilikuwa katika eneo lilelile. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Humo mlikuwa na hifadhi ya nyaraka za watumishi wa umma iliyobeba terabaiti 858, na haikuwa na nakala mahali pengine. Watumishi walikuwa wameelekezwa kuweka kazi zao humo badala ya kwenye kompyuta zao za ofisini. Korea Kusini ni nchi inayotazamwa na dunia nzima kwa teknolojia, na bado kazi ya miaka ya watumishi wale iliteketea katika moto mmoja.

Nakala ya pili pekee, ikinakili kila kitu papo hapo, haitoshi pia. Fundi akifuta kwa bahati mbaya, nakala ya pili inafuta vilevile ndani ya sekunde hiyohiyo, kwa utiifu kamili. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab ilikuwa na tatizo la kanzidata, na mhandisi aliyekuwa amefanya kazi mpaka usiku alifuta saraka ya data akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Alikuwa kwenye seva kuu. Alisimamisha amri ndani ya sekunde chache, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Kampuni ilikuwa na njia tano za nakala rudufu na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kama walivyotegemea. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na kanzidata, ikashindwa kila siku, na barua pepe za kuonya kwamba imeshindwa zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi huyohuyo alikuwa ameichukua saa 6 kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Yote yaliyoandikwa ndani ya saa hizo 6 yalipotea. GitLab waliyaeleza haya wenyewe kwa uwazi ambao mpaka leo unafundishia mafundi wengi, nikiwemo mimi.

Hapa nyumbani niliwahi kuitwa kusaidia taasisi moja, ambayo staha inanizuia kuitaja. Nakala rudufu za kila usiku zilikuwepo, kwa majina na tarehe zake, zimepangwa vizuri. Diski iliyozibeba ilikuwa ndani ya kabati lilelile la seva kuu, imechomekwa kwenye soketi ileile. Nilipouliza ni lini mara ya mwisho walijaribu kurejesha data kutoka humo, hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kujaribu. Walikuwa watu wachapakazi na waaminifu. Tatizo ni kwamba hakuna mkubwa aliyewahi kuwaomba wamwonyeshe.

Naomba nitofautishe jambo moja, maana magazetini huchanganywa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchini na kwa majirani zetu, na wengi wakahofia fedha zao. Ule ulikuwa mtihani wa upatikanaji wa huduma, ambao ni shida ya siku chache. Udumifu ukikosekana, huduma inaweza kuwa hewani saa zote 24 na kumbukumbu ya malipo yako isiwepo tena popote. Ukosefu wa upatikanaji hupiga kelele, kila mtu anaulalamikia. Ukosefu wa udumifu hukaa kimya mpaka mtu mmoja, peke yake, afike kaunta na simu yake mkononi aambiwe kwamba mfumo hauoni muamala wake.

Na mtu huyo sheria yetu imeshampa matumaini makubwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imezipa kumbukumbu za kielektroniki nafasi ya kupokelewa kama ushahidi. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, ya mwaka huohuo, imekabidhi kwa Benki Kuu leseni na usimamizi wa wanaoendesha mifumo hiyo. Ndiyo maana barua hii imekuja kwako na haikwenda kwa mafundi wenzangu.

Sasa naomba, kwa ruhusa yako, nifike kwenye kiini. Tuseme mtoa huduma ana seva Dar es Salaam na nakala Dodoma, na ameamua kwamba ujumbe wa uthibitisho usitoke mpaka mstari wa logi ukae pande zote mbili. Wapo watakaokuambia kwamba hilo litapunguza kasi ya malipo. Dar es Salaam na Dodoma zinatenganishwa na kiasi cha kilomita 450 za barabara. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 4.5. Ongeza vifaa vya njiani, zidisha hata mara tatu, bado mama wa Mabibo hatakuwa amemaliza kufumba jicho. Kasi si sababu.

Ugumu halisi ni siku mkongo huo unapokatika. Nakala ya Dodoma haifikiki. Mfumo una njia mbili tu: ukatae malipo mpaka mawasiliano yarudi, au uendelee na nakala moja huku ukituma ujumbe uleule wa uthibitisho. MySQL, kanzidata inayotumika katika mifumo mingi, ina namna ya kusubiri nakala ya pili, na kwa mipangilio yake ya awali husubiri sekunde 10. Zikipita bila jibu, inaacha kusubiri na kuendelea peke yake. Ahadi imepungua nusu, na mteja hana habari. Pengine hata mkurugenzi wa kampuni hana habari.

Kuchagua kati ya njia hizo mbili si kazi ya fundi, Mheshimiwa. Kukataa malipo ya nchi nzima kwa saa tatu kuna gharama yake: hospitali, nauli, luku. Kuendelea na nakala moja kuna gharama yake pia, ambayo itamwangukia mtu asiyejua kwamba ameibeba. Huo ni uamuzi wa kisera, wa kupima madhara ya umma. Leo unafanywa na mstari mmoja katika faili la mipangilio, aliouandika kijana mmoja siku ya kufunga mfumo, au ambao hakuna aliyeuandika kwa sababu ulikuja hivyo na programu.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba ofisi yako iwatake watoa huduma wote wa malipo wenye leseni wakuletee maelezo ya maandishi, yaliyosainiwa na mtendaji mkuu mwenyewe, yakisema ni nini hasa kinakuwa kimeshafanyika ujumbe wa uthibitisho unapotoka: muamala umeandikwa katika diski ngapi, katika majengo mangapi, na mfumo unafanya nini nakala ya pili isipofikika. Maelezo hayo hayamfungulii mwizi mlango wowote. Kujua kwamba kuna nakala mbili hakumsaidii kuifikia hata moja. Kisha Benki Kuu, ikiwa imeshaona nani anaahidi nini, iamue yenyewe kwa kanuni ni lini malipo yasimame na ni lini yaendelee, na yakiendelea, mteja aambiwe nini.

Naomba pia zoezi moja la kila mwaka, na hili nalishikilia kuliko yote. Mtoa huduma achukue nakala rudufu zake, ajenge kanzidata upya kwenye mashine tupu mbele ya wakaguzi wako, na jumla ya masalio ilinganishwe na vitabu vya siku hiyo. Ripoti ya kurasa 80 kuhusu nakala rudufu haiwezi kushika nafasi ya asubuhi moja ya kurejesha data mbele ya mkaguzi. GitLab walikuwa na njia tano kwenye karatasi. Taasisi niliyoitwa kuisaidia ilikuwa na majina na tarehe. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu, na sioni sababu ya fedha za taifa kulitegemea.

Nafahamu kwamba wakaguzi wako wana kazi nyingi na kwamba haya yanahitaji watu wenye ujuzi. Mafundi tupo, katika vyuo, mabenki na kampuni za simu, na wengi wetu tungejitolea kwa furaha kuwafundisha vijana wako namna ya kuliuliza swali hili na namna ya kulitambua jibu lisilotosha. Mimi nipo tayari siku yoyote nitakayoitwa.

Mheshimiwa Gavana, ikikupendeza, naomba zoezi hilo lianze na TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo ambao Benki Kuu inauendesha yenyewe. Wengine wote watafuata wakiona mwenye nyumba ametangulia. Chagua siku, waalike wakaguzi kutoka nje, rejesheni data kwenye mashine tupu, kisha utangazie wananchi imechukua saa ngapi na kama hesabu zimekubaliana.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msimamizi wa kanzidata,
Dar es Salaam.